Jua la palizi na moshi wa sigara: historia ya ngozi katika bonde la Rufiji

Ngozi ya mkulima wa bonde la Rufiji, nchini Tanzania, hubeba umri wa namna mbili katika mwili mmoja. Mtu wa Utete, mji mdogo wa bonde hilo, aliyepalilia mpunga kwa miaka arobaini akiinua mkono na kutazama upande wa ndani, karibu na kwapa, ataona ngozi laini ya rangi moja, isiyo na mabaka. Akitazama mgongo wa kiganja cha mkono uleule, ataona ngozi kavu, nyeusi zaidi, yenye mistari inayokatana na madoa ambayo hakuzaliwa nayo. Sehemu hizo mbili zina umri mmoja. Kilichozitenganisha ni jua. Kwa mvutaji wa sigara, usoni huongezeka alama nyingine ambazo jua peke yake lisingeziweka pale zilipo.

Wataalamu wa ngozi hutenga uzee unaoletwa na miaka na uzee unaoletwa na mambo ya nje. Ule wa kwanza humpata kila mtu, hata aliyekaa kivulini maisha yake yote: ngozi huwa nyembamba, hukauka na kulegea kidogo kidogo. Ule wa pili hutegemea kazi, makazi na mazoea ya mtu. Ili kuuelewa, nyumba ya fito na udongo inatosha kuwa mfano. Chini ya tabaka la juu la ngozi kuna nyuzi ngumu za kolajeni, ambazo ndizo fito, na nyuzi za elastini, ambazo ni kama kamba zinazozishika fito zisiachane. Fito zikiliwa na mchwa na kamba zikioza, ukuta hauanguki siku hiyo. Hubonyea kwanza, kisha hupasuka. Makunyanzi ni mipasuko ya ukuta wa namna hiyo, na jua na moshi ni mchwa wa aina mbili.

Utete iko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo jua hupita utosini mara mbili kila mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Kalenda ya kilimo cha Rufiji imeangukia siku hizohizo kana kwamba ilipangwa na adui. Oktoba ni wakati wa kufyeka na kuchoma mashamba kabla ya mvua za vuli. Februari ni wakati wa palizi ya mpunga, kazi inayofanywa kwa kuinama, mgongo, shingo na mikono vikiwa vimeelekezwa juu. Kivuli cha mpaliliaji wakati wa saa sita mchana humwangukia miguuni mwake mwenyewe, hakimfai kitu.

Miale inayodhuru ni ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni. Ile mifupi, inayoitwa B, huishia zaidi katika tabaka la juu, na ndiyo inayounguza. Ile mirefu, A, hupenya hadi kwenye kolajeni, na hupita hata kwenye kioo. Inapofika huko huamsha vimeng'enya vinavyokata nyuzi za kolajeni, na wakati huohuo huzifanya nyuzi za elastini zijirundike ovyo. Mawingu hayazuii sana, kwani wingu jepesi huweza kupitisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo. Maji nayo hayalindi kama wengi wanavyodhani: nusu mita chini ya uso wa maji bado kuna kiasi cha asilimia 40 ya nguvu iliyopo juu. Mtu anayepandikiza mpunga kwenye maji ya kifundo cha mguu hana kinga yoyote hapo.

Weusi wa ngozi ndio kinga ya kwanza ya watu wa bonde hili, na ni kinga kubwa. Vipimo vilivyofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1979 vilionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi hupitisha wastani wa asilimia 7.4 ya miale B, wakati ngozi ya Wazungu hupitisha asilimia 24. Kwa miale A tofauti ilikuwa asilimia 17.5 dhidi ya 55. Kinachofanya kazi hiyo ni melanini, chembe za rangi zinazojipanga juu ya kiini cha seli kama kofia. Ndiyo maana makunyanzi ya mkulima wa Rufiji huchelewa miaka kumi au zaidi yakilinganishwa na ya mkulima wa Hispania au Australia. Lakini asilimia 17.5 ya jua la Februari, kila siku, kwa miaka arobaini, si kidogo. Katika ngozi nyeusi uharibifu huanza kuonekana kwa rangi kabla ya mikunjo: mabaka meusi kwenye mashavu, paji la uso lenye rangi mbili, shingo iliyopoteza mng'ao. Wengi hayo huyaita uchovu.

Historia ya ngozi hiyo ni historia ya mpunga kwanza. Bonde la Rufiji hupokea maji ya beseni lenye eneo la kilomita za mraba karibu 177,000, na kwa karne nyingi mafuriko ya Machi hadi Mei yaliacha tope lenye rutuba kwenye mashamba ya kando ya mto. Warufiji walijenga kilimo chao juu ya mafuriko hayo. Mpunga ulipandwa kwa mvua za vuli ili uwe umeshika kabla maji hayajapanda. Maji yakishuka, walipanda tena mahindi, kunde na maboga kwenye udongo wenye unyevu, kilimo kinachoitwa mlau. Kwa hiyo hapakuwa na miezi mingi ya kukaa kivulini. Msimu mmoja ulipokwisha, mwingine ulikuwa umeshaanza kudai jembe.

Katikati ya mashamba lilisimama dungu. Ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, sakafu yake ya fito, paa lake la nyasi au makuti, na ngazi ya miti inayoweza kuvutwa juu usiku. Dungu lililinda mpunga dhidi ya nguruwe, viboko na tumbili, na liliwalinda wakulima wenyewe dhidi ya maji. Familia nzima ilihamia huko kwa miezi. Watoto walipewa kazi ya kuamia ndege: kuanzia alfajiri mpaka jua kuzama walikaa shambani na kombeo, wakipiga kelele kila kundi la ndege lilipotua kwenye masuke. Wengi wa wazee wa leo wa Rufiji walianza kuhesabu saa zao za jua hapo, wakiwa na umri wa miaka sita au saba. Hilo lina uzito katika elimu ya ngozi, kwa sababu jua la utotoni huingia kwenye hesabu ya uzeeni; hakuna linalofutwa.

Utawala wa Wajerumani, ambao uliweka boma la wilaya Mohoro kabla ya makao kuhamia Utete kwenye ukingo wa kusini wa mto, uliongeza saa hizo kwa amri. Kuanzia mwaka 1902 mashamba ya pamoja ya pamba yalianzishwa katika eneo hili la pwani, na kila mtu mzima alitakiwa kufanya kazi humo siku 28 kwa mwaka. Hasira ya mashamba hayo ilikuwa moja ya mizizi ya Vita vya Majimaji vya 1905, vilivyoanzia kwa Wamatumbi na kwa mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Historia ya vita hivyo imeandikwa sana, na hapa inatosha kusema kwamba saa za mtu kuwa juani zilikuwa jambo la kupigania hata wakati huo.

Badiliko jingine lilikuja baada ya mafuriko makubwa ya 1968. Mwaka 1969 serikali iliendesha Operesheni Rufiji, ambayo iliwahamisha maelfu ya wakazi wa bondeni kwenda vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu. Shule na zahanati zikawa karibu, shamba likawa mbali. Mkulima aliyekuwa akitoka dungu lake na kukanyaga mpunga alilazimika kutembea mwendo mrefu asubuhi na kurudi alasiri, au kurudi kujenga dungu na kuishi huko msimu mzima kama zamani. Wengi walichagua dungu. Waliochagua kutembea waliongeza saa za jua kwenda na kurudi.

Delta ina hadithi yake, kali zaidi. Mto unapokaribia bahari hugawanyika katika mikono mingi, ikiwemo Simba Uranga na Kikunya, na katikati yake kuna msitu wa mikoko wa takribani hekta 53,000, mkubwa kuliko mwingine wowote wa pwani ya Afrika Mashariki. Eneo hilo sasa liko katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji. Kwa karne kadhaa msitu huo ulilisha ujenzi wa nchi zisizo na miti. Nguzo zilikatwa, zikamenywa magome, zikapangwa kwa ukubwa: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu ulitegemea urefu wa boriti, na miji ya Ghuba ya Uajemi iliezekwa kwa miti hiyohiyo.

Wajerumani waliuweka msitu huo chini ya uangalizi wa serikali mwaka 1898, wakitaka mbao na pia magome yake, ambayo yana dawa ya kutengenezea ngozi za wanyama. Majahazi ya Waarabu yaliendelea kuja na upepo wa kaskazi na kuondoka na kusi, yakiwa yamejaa boriti. Mwaka 1939 baharia wa Australia, Alan Villiers, alifika katika delta akiwa ndani ya jahazi la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasir al-Najdi, akapiga picha na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 1940. Kazi aliyoiona ni ya watu waliozama kwenye tope hadi magotini, mti begani, jua kichwani na chumvi mwilini. Chumvi haizeeshi ngozi kama jua, lakini huikausha na kuichubua. Bega la mkata mikoko lilikuwa na ngozi nene kama ya kisigino.

Kukata mikoko kulipigwa marufuku mwaka 1987, ingawa vibali na ukataji wa siri viliendelea kwa njia mbalimbali. Sehemu za msitu wa delta zimefyekwa kupata mashamba ya mpunga, na mashamba hayo hayana mti wa kujibanza. Wavuvi wa Nyamisati, Salale na Mbwera nao wanabaki ndani ya mitumbwi isiyo na tanga la kutupa kivuli, huku mwanga ukiwajia kutoka juu na sehemu ndogo ukirudishwa na maji na mchanga. Katika macho ya mvuvi mkongwe mara nyingi huonekana kijinyama cha pembe tatu kinachotambaa kutoka kwenye weupe wa jicho kuelekea kwenye mboni. Huo nao ni uharibifu wa jua na upepo, na ni rahisi kuuona kuliko kunyanzi lolote.

Watu wa bonde hawakulipokea jua hivihivi. Kinga ya kawaida ya mwanamke shambani ni kanga, moja imefungwa kiunoni na nyingine imekunjwa kichwani ikaning'inia hadi mabegani. Wanaume huvaa pama, kofia pana ya ukindu au miyaa, yenye ukingo unaofunika masikio na sehemu ya shingo. Kwa kipimo cha sasa kofia hiyo ni bora kuliko kapelo ya plastiki na kitambaa iliyochukua nafasi yake, ambayo hufunika paji la uso na kuyaacha masikio na kisogo. Katika urembo wa pwani kulikuwa na liwa, mti wa harufu nzuri unaosagwa juu ya jiwe la msio kwa maji kidogo na kupakwa usoni, na dalia ya manjano. Wanawake wa Kisiwa cha Msumbiji hupaka msiro mweupe, na wa Komoro hupaka msindanu. Matope haya ya uso huzuia kiasi fulani cha mwanga, lakini yalipakwa kwa ajili ya harusi na nyumbani, mara chache kwa ajili ya palizi. Mafuta ya nazi, ambayo mengi yamesemwa juu yake, hulainisha ngozi iliyokauka. Kinga yake dhidi ya miale ni ndogo mno.

Kinga iliyofanya kazi kuliko zote haikuwa kitu cha kupaka. Ilikuwa ratiba: kuingia shambani kabla ya jua kuchomoza, kutoka saa nne au saa tano, kurudi baada ya alasiri. Saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri ndizo zenye miale mingi, na wahenga wa bonde walizikwepa walipoweza kwa sababu ya joto, wala hawakuhitaji kujua habari za urujuanimno.

Moshi uliingia katika historia hii kwa milango miwili. Wa kwanza ni wa kuni, wa tangu zamani. Dunguni moto huwashwa usiku kufukuza mbu, na jikoni mwanamke hukaa mbele ya mafiga saa kadhaa kwa siku. Kwenye mabwawa ya bondeni, kama Ruwe, Zumbi na Utunge, samaki hubanikwa juu ya vichanja, na anayewageuza huinamia moshi ule muda wote. Masizi ya hewa chafu yamehusishwa na madoa ya uso: utafiti wa wanawake 400 wa Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba walioishi kwenye hewa yenye masizi mengi walikuwa na madoa zaidi kwenye paji la uso na mashavuni. Moshi wa magari ya Ujerumani si moshi wa mkoko, lakini chembe za masizi ni za jamii moja.

Mlango wa pili ni tumbaku. Mmea huo asili yake ni Amerika, na Wareno waliueneza katika bahari zote walizofika kuanzia karne ya 16. Jina lake la Kiswahili limefuata njia ya Bahari ya Hindi, likifanana na lile la Kihindi. Mpaka karne ya 19 tumbaku ilikuwa zao la kawaida bara na pwani. Washambaa waliipeleka pwani kuiuza. Ilivutwa kwa kiko, na kwa wenye nafasi kwa buruma lenye maji. Ilisagwa ikawa ugoro. Na ilitafunwa pamoja na tambuu, popoo, chokaa na katu, mchanganyiko uliojulikana kwa jina la uraibu. Neno hilo leo linamaanisha kutawaliwa na kilevi chochote. Lilianzia kwenye sahani ya wageni.

Namna hizo za zamani zilidhuru kinywa na fizi, na kiko kilidhuru mapafu, ila hazikuzeesha uso kwa kasi ya sigara. Sababu ni wingi. Kiko hujazwa na kuzimika, na buruma linahitaji makaa na mazungumzo. Sigara iliyotengenezwa kwa mashine, iliyobuniwa na Mmarekani James Bonsack mwanzoni mwa miaka ya 1880, huwashwa popote kwa kijiti kimoja cha kiberiti. Kampuni ya British American Tobacco ilifika Mombasa mwaka 1907 na kujenga kiwanda Jinja mwaka 1928. Katika Vita vya Pili vya Dunia sigara ilikuwa sehemu ya posho ya askari, na askari waliporudi makwao walirudi nayo. Kiwanda cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1961. Baada ya Azimio la Arusha serikali ilichukua udhibiti wake. Mwaka 1995 hisa nyingi ziliuzwa kwa kampuni ya Marekani ya R.J. Reynolds, na mwaka 1999 zikaingia mikononi mwa Japan Tobacco. Kwa mkulima wa Utete mabadiliko hayo ya umiliki hayakuonekana. Alichokiona ni kwamba gengeni, kando ya chumvi, kiberiti na mafuta ya taa, sigara ilipatikana moja moja.

Uuzaji wa moja moja una maana kubwa katika kuelewa madhara. Tafiti nyingi za dunia huhesabu uvutaji kwa pakiti: pakiti moja kila siku kwa mwaka mmoja ni kipimo kimoja. Mvutaji wa kijijini hanunui pakiti. Huvuta mbili asubuhi, moja baada ya chakula, tatu kijiweni jioni, na msimu wa mavuno huvuta zaidi kwa sababu mfukoni kuna kitu. Akiulizwa anavuta pakiti ngapi hujibu kwamba yeye si mvutaji mkubwa, na kwa hesabu yake hadanganyi.

Uhusiano wa uvutaji na makunyanzi uligunduliwa mapema kuliko ule wa uvutaji na saratani ya mapafu. Mwaka 1856 Samuel Solly, daktari wa upasuaji wa London, aliandika kwamba wavutaji walitambulika kwa nyuso zilizopauka na kukunjamana. Wengi hawakumjali. Mwaka 1971 Harry Daniell wa California alichunguza watu 1,104 na kukuta kwamba mikunjo ya pembeni mwa macho iliambatana na uvutaji kuliko na jambo lingine lolote alilolipima, jua likiwemo. Mwaka 1985 Douglas Model wa Uingereza alieleza sura aliyoiita ya mvutaji: mistari inayotoka midomoni na pembeni mwa macho kama miale, mashavu yaliyoingia ndani, rangi ya kijivu. Aliiona kwa karibu nusu ya wavutaji aliowachunguza. Mwaka 2013 wachunguzi wa Ohio waliwalinganisha mapacha jozi 79 waliotofautiana katika uvutaji, na tofauti ya miaka mitano tu ya kuvuta ilitosha kuonekana katika uso.

Njia zake ni kadhaa. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu ya ngozi, na hewa ya kaboni monoksaidi huchukua nafasi ya oksijeni katika damu, hivyo ngozi hukosa chakula chake. Moshi huongeza vile vimeng'enya vinavyokata kolajeni, vilevile vinavyoamshwa na jua. Hapo ndipo mchwa wa aina mbili hukutana kwenye fito moja. Zaidi ya hayo, kuna mwendo wenyewe wa kuvuta: midomo hubanwa, macho hukunjwa kukwepa moshi, na misuli hiyohiyo hurudia jambo hilo mara maelfu kila mwaka. Mistari iliyosimama juu ya mdomo wa mvutaji imechorwa na tendo hilo, na jua peke yake huichora mara chache.

Jua na sigara vikiungana, hesabu huzidi kujumlisha. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta kwamba waliovuta sawa na pakiti moja kwa siku kwa miaka 35 au zaidi, na waliokuwa juani zaidi ya saa mbili kwa siku, walikuwa na uwezekano mara 11.4 wa kuwa na makunyanzi kuliko wasiovuta waliokaa juani kidogo. Saa mbili kwa siku ni kipimo cha watu wa ofisini. Mpaliliaji wa Rufiji huwa amezimaliza kabla ya saa nne asubuhi. Hata hivyo takwimu hizi zimetoka kwa Wazungu na Wajapani, na haifai kuzihamishia Utete kama zilivyo, kwa sababu melanini hupunguza upande wa jua wa hesabu hiyo. Upande wa moshi haupunguzi. Nikotini hufika kwenye ngozi kupitia damu, na damu haina rangi ya kuikinga.

Kwamba jua lina uwezo wa kuzeesha upande mmoja na kuacha mwingine, mfano maarufu ni wa mwaka 2012, wakati jarida la tiba la Marekani lilipochapisha picha ya dereva wa miaka 69 aliyeendesha gari la kusambaza bidhaa kwa miaka 28. Shavu lake la kushoto, lililokuwa dirishani, lilikuwa na mikunjo mirefu kuliko la kulia. Nchini Tanzania usukani uko kulia, kwa hiyo madereva wa barabara ya Kibiti kwenda Lindi, iliyopata daraja la Mkapa pale Ndundu mwaka 2003, wanapaswa kulitazama shavu la kulia. Ujuzi wenyewe ni wa zamani: mwaka 1894 Paul Gerson Unna wa Hamburg alishaeleza ngozi ya mabaharia, ngumu, yenye mabaka na saratani, na kuihusisha na hali ya hewa ya baharini. Hakukosea.

Uvutaji nchini Tanzania ni jambo la wanaume zaidi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 8.7 ya watu wazima wanatumia tumbaku ya namna yoyote, wanaume wakiwa asilimia 14.6 na wanawake asilimia 3.2. Sheria ya bidhaa za tumbaku ilipitishwa mwaka 2003, na mkataba wa Shirika la Afya Duniani ukaridhiwa mwaka 2007. Anayeacha sigara hurudishiwa mtiririko wa damu ya ngozi katika wiki chache, na rangi ya kijivu huondoka. Mistari ya midomoni hubaki.

Wanawake wamepata tishio lingine, lililokuja na maduka ya vipodozi. Mkorogo, mchanganyiko wa krimu zenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi, huondoa melanini usoni ili mtu awe mweupe. Anayeutumia mjini akikaa ndani hupata madhara yake mwenyewe. Anayeutumia na kurudi shambani Februari huwa amevua kofia ya seli zake kwa hiari, na mashavu hurudi kuwa meusi kwa mabaka, meusi kuliko mwanzo. Bidhaa hizo zimepigwa marufuku nchini, na zinauzwa.

Walioonyesha wazi kuliko wote kazi ya melanini ni watu wenye ualbino. Mwaka 1985 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha uchunguzi wao wa watu 350 wenye ualbino: dalili za jua zilionekana kabla ya mtoto kutimiza mwaka, na kufikia umri wa miaka 20 walikuwa tayari na vidonda vya saratani au vya kuelekea saratani. Kinachomchukua mkulima mwingine miaka arobaini huwachukua hawa miaka michache. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa katika hospitali ya KCMC, mjini Moshi, mwaka 1992, ndiko yalikoanza kutengenezwa mafuta ya kinga ya Kilisun kwa ajili yao, na hugawiwa kupitia kliniki. Katika bonde la mpunga mafuta hayo, pama pana na shati la mikono mirefu vinatakiwa vimfikie mtoto mwenye ualbino kabla hajafika umri wa kupelekwa shambani kuamia ndege, na kazi hiyo apewe mwingine.